Mwenzi wa Nguo

Nguo ya kuvulia haivutwi na mtu mmoja. Ukiivuta peke yako inajikunja majini, na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanakupita miguuni kana kwamba umesimamishwa pale kuwaonyesha njia. Ndiyo maana pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, katika kata ya Mbaha, mwanamke akitaka kuingia majini hutafuta mwenzi kwanza. Kila mmoja analeta shuka lake, wanayashona ubavu kwa ubavu, na tangu siku hiyo wanaitwa wenzi wa nguo. Watu wanaweza kusahau jina la mumeo, lakini mwenzi wako wa nguo watamtaja. Usipoonekana ufukweni, yeye ndiye anayeulizwa uko wapi. Ukifiwa, yeye ndiye anayefika kukuchotea maji kabla ya ndugu zako wa tumbo moja. Na nguo hiyo haiingii majini na mtu wa tatu mpaka mwenzio aseme sawa.

Mwenzi wa nguo wa Agripina alikuwa Mariana.

Agripina alikuwa mrefu, mkavu, mwenye miguu isiyoisha, kwa hiyo upande wa maji marefu ulikuwa wake. Maji yalimfika kifuani na wala hakujali. Mariana, mfupi na mnene, alitembea upande wa nchi kavu, maji ya magotini, khanga kaifunga kiunoni. Walianza kazi hiyo wakiwa wasichana, wakaendelea wakiwa na mimba, wakaendelea na watoto mgongoni, na sasa watoto wenyewe walikuwa wamekwenda zao. Sixtus, mtoto wa Agripina, aliendesha bodaboda Mbinga. Mumewe Daniel alikuwa hukohuko Mbinga akilinda ghala la kahawa. Alirudi Krismasi na Pasaka, na akirudi alilala. Ungemwuliza Agripina ana nani duniani, angekutajia Mungu kwanza kwa adabu, halafu Mariana.

Majini hawakuhitaji maneno. Mariana akikohoa, Agripina alijua amechoka na wanageuza. Agripina akiinua bega, Mariana alijua kuna jiwe mbele. Walipotoka waliikamua nguo, mmoja akisokota kulia na mwingine kushoto, wakaanika usipa mchangani, wakakaa kando kufukuza kunguru. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza, na yalikwenda mpaka jua lilipowafukuza na wao. Agripina aliamini kwamba hali hiyo imepangwa mbinguni, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo.

Tumtendee haki: wivu hakuuanza na Mwanaisha, yule mgeni tutakayemfikia. Mariana alipoolewa, Agripina alinuna mpaka mahindi yakavunwa. Mariana alipowekwa sauti ya pili kwenye kwaya, yeye akiwa ya kwanza, alimwambia mwalimu wa kwaya kwamba koo limemharibikia, na Jumapili iliyofuata akawa amesimama sauti ya pili, pembeni ya Mariana, akiimba kwa afya tele. Watu walijua, wakacheka. Mariana mwenyewe alijua, akawa anasema kwamba huyu, Mungu alimuumba vizuri, ila alisahau kumwekea mfuniko. Ulikuwa wivu wa nyumbani, kama moshi wa jikoni. Unawasha macho, lakini chakula kinaiva.

Ndipo Nurdini akafungua duka.

Nurdini alitoka Lindi. Alikuja na sukari, sabuni, vocha na kandambili, na akaja na mke, Mwanaisha, mwanamke mcheshi mwenye hina vidoleni na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo. Mwanaisha alikulia kando ya bahari ya chumvi. Alisimulia kwamba huko kwao maji yakipwa wanawake hushuka na vikapu mpaka mbali, wanachokoa kombe na chaza kwenye matope, na wanarudi bahari ikianza kujaa. Asubuhi yake ya kwanza pale kijijini alisimama mbele ya Ziwa Nyasa na kikapu chake, akalisubiri lipwe. Alisubiri mpaka adhuhuri. Alipoambiwa kwamba hili halipwi wala halijai, alicheka mpaka akakaa chini, akasema basi atalifuata hukohuko liliko.

Akaingia, maji ya mapajani, akawa anatembea taratibu, uso umeelekea mbinguni, akipapasa kwa nyayo. Mara akazamisha mkono, akaibua kome mkubwa kama kiganja. Kome walikuwapo pale siku zote. Magamba yao watu waliyatumia kukwangulia masufuria, na nyama wakawarushia bata. Hakuna aliyefikiria kuwala. Mwanaisha aliwachemsha, akawaunga kwa nazi na ndimu, akamwonjesha mtu wa kwanza aliyepita mbele ya duka. Aliyepita alikuwa Mariana.

Agripina wakati huo alikuwa mashineni, kwenye foleni ya kusaga. Baadaye aliichukia sana ile foleni. Alijiambia kwamba kama yule mtu wa mbele yake asingekuja na magunia, wangepita dukani pamoja, na mambo yote yangekwenda njia nyingine.

Mariana alikuwa mtu wa kujifunza. Alirudi akimweleza Agripina kwa furaha jinsi kome anavyokaa wima kwenye mchanga, jinsi ukingo wake unavyokuchoma unyayo kama ukucha, na kwamba jiwe halichomi hivyo. Agripina alijibu kwamba bata mwaka huu watakonda. Mariana akacheka, akamwambia twende wote kesho. Agripina akasema mgongo unamsumbua. Keshokutwa yake Mariana akamwalika tena, naye akasema ana nguo za kufua. Ukweli ni kwamba alikuwa anasubiri aombwe mara ya tatu, kwa sababu aliamini anayekupenda atakubembeleza mara tatu. Mariana, ambaye kwake ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana, hakumwuliza tena.

Ikawa wakishaanika usipa, Mwanaisha anatokea upande wa duka na beseni kichwani. Anamwamkia Agripina kwa heshima zote, dada habari za asubuhi, dada mgongo unaendeleaje, halafu anamgeukia Mariana na kusema, "Shoga yangu, twende, jua linapanda." Heshima ile Agripina angeweza kuivumilia. Ni lile neno "yangu" lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yangu toka lini? Masanduku ya mwanamke huyu bado yalikuwa na vumbi la njia ya Masasi.

Alibaki mchangani na kunguru. Aliwaona kwa mbali, vichwa viwili juu ya maji yanayometa, wakiyumba, wakishikana mabega asianguke mmoja. Kicheko kilimfikia kikiwa kimepoteza maneno yake, na hakuna kitu kibaya kama kusikia watu wanacheka usijue wanacheka nini. Mara zote aliamua kwamba wanamcheka yeye. Jioni alipita nyuma ya duka, kwa bahati mbaya ya makusudi, akasikia harufu ya kome na nazi. Ilikuwa harufu nzuri. Alikohoa, akatema mate, akasema peke yake kwamba inanuka.

Lakini yote hayo angeyameza. Lililomvunja lilitokea juu ya meza ya duka, siku aliyokwenda kununua chumvi. Nurdini hakuwepo. Mwanaisha alimpimia chumvi, akaifunga, halafu akaushika mkono wake na kuongea kwa sauti ya chini ambayo Agripina hakujua kwamba anayo.

"Dada, pole kwa yale ya Flavia. Mariana amenisimulia. Kaniambia wewe ndiye uliyemwogesha."

Flavia alikuwa mtoto wa kwanza wa Mariana. Alikufa kabla hajajua kutembea, Mariana mwenyewe akiwa kitandani hajitambui kwa homa, na ni Agripina aliyemwosha mtoto yule na kumfunga kwenye kitenge kipya kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya ubatizo. Tangu wakati huo, miaka na miaka, jina la Flavia halikuwahi kutajwa kati yao. Agripina alidhani wanalibeba pamoja, kimya, kama wanavyobeba nguo, kila mmoja na upande wake. Sasa Mariana alikuwa amelitoa na kumpa mtu wa dukani. Agripina alilipa, akaondoka, akaiacha chumvi palepale mezani.

Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe usiku ule alijisemea wazi: aliona wivu. Aliona wivu wa msiba. Alilala akijiuliza Mariana alisema maneno gani, alilia au hakulia, na kama alilia, kwa nini miaka yote hakuweza kulia mbele yake.

Kesho yake hakwenda majini. Alituma neno kwamba ana malaria. Hakuwa na malaria. Alitaka kuona kama Mariana atakuja. Mariana alikuja mbio, hata khanga hakuifunga vizuri, na Agripina aliposikia hatua zile uani moyo ukamchanua. Kisha akasikia hatua nyingine nyuma yake, na nyuma ya hatua zile, harufu ya nazi. Mwanaisha alikuwa amebeba sufuria la mchuzi wa kome, akieleza kwamba kwao mgonjwa wa homa hupewa huu, unarudisha nguvu.

Agripina aliunywa akiwa ameelekea ukutani. Ulikuwa mtamu, na utamu ule ulimuudhi kuliko kitu kingine chochote alichofanyiwa na mwanamke yule. Mariana alimwekea kiganja kwenye paji la uso. Kiganja kilikaa pale muda, kikaondoka. Paji lilikuwa baridi kama mtungi, na Mariana hakuwa mjinga. Alimfunika blanketi, akamwambia apumzike, nguo wataivuta akishapona.

Taabu ya ugonjwa wa uongo ni kwamba huna pa kupatia nafuu. Siku iliyofuata Agripina alikuwa bado kitandani, amechoka kulala, mifupa inamuuma kwa afya. Ndipo jirani yake Eliza, ambaye hajawahi kwenda kumwona mgonjwa bila kubeba habari, akaingia, akaketi, akamwuliza kama ni yeye aliyempa mke wa Nurdini ruhusa ya nguo. Maana amewaona, yeye na Mariana, wakielekea kule kwenye bendera na nguo begani.

Kule kwenye bendera ni ghuba ndogo yenye matete, ambako magege, ndugu wa perege, wanachimba viota vyao mchangani na kutaga. Kamati ya mwalo ilisimamisha fito zenye vitambaa vyekundu, ikatangaza hata kanisani: ndani ya bendera havuliwi. Nje ya bendera, kamati ilijua vizuri kwamba nguo za akina mama serikali haizipendi, lakini iligeuza uso, kwa kuwa hata wajumbe wa kamati walilelewa kwa nguo hizohizo. Ndani ya bendera hakukuwa na kugeuza uso. Nguo inachomwa moto, na wenye nguo hawavui wala hawauzi mwaloni mpaka msimu wa usipa uishe. Kazi yao inakuwa kufagia.

Agripina hakumsubiri Eliza amalize. Alijitupia blanketi mabegani kwa ajili ya macho ya watu, akapanda mwamba ulio nyuma ya zahanati, akatazama. Aliwaona. Walikuwa ndani ya bendera, maji kiunoni, nguo katikati yao, imejaa, imewalemea. Mariana alikuwa upande wa nchi kavu, kama kawaida yake. Na upande wa maji marefu, akitembea kwa kuyumba kwa sababu hakuwa mrefu wa kutosha, alikuwa Mwanaisha.

Ule ulikuwa upande wake. Alihisi kama amefika nyumbani kwake akamkuta mtu kakalia kigoda chake, kavaa nguo yake, anakula. Kuanzia hapo miguu yake mirefu ndiyo iliyofikiri kwa niaba yake.

Othmar, mwenyekiti wa kamati ya mwalo, alikuwa anakunywa chai na mihogo. Alikuwa mtu mnyoofu, asiye na maneno mengi, na asiyejua kusoma kilicho nyuma ya maneno. Agripina alimwambia kwamba kuna mtu anavua ndani ya bendera. Othmar akauliza ni nani. Agripina akajibu ni mgeni, mke wa Nurdini. Alilitaja jina hilo tu. Mwanamke aliyejua kuliko yeyote kwamba nguo haivutwi na mtu mmoja, alikwenda akashitaki mtu mmoja. Kichwani mwake alimwona Mwanaisha akitolewa majini mbele za watu, akirudishwa nyuma ya meza yake ya duka na kubaki huko, na Mariana akimrudia yeye. Nguo hakuifikiria. Wala hakukumbuka kumwomba Othmar amfichie.

Mchana ule watu waliitwa kwenye banda la mzani. Nazari, mlinzi wa bendera, alikuwa amewaleta wale wawili wakiwa bado wanachuruzika maji, na beseni, na nguo. Agripina alifika, akasimama nyuma karibu na nguzo, blanketi mabegani, ili aone anachokuja kuona. Nguo ilipofunguliwa sakafuni aliona kitu kingine. Haikuwa na usipa hata mmoja, wala kidagaa, wala yai la samaki. Ilikuwa imejaa kome.

Mariana alieleza bila kupaza sauti. Walikwenda kutafuta kome, kwa sababu kule kwenye matete hakuna anayewasumbua na wamekuwa wakubwa. Kuna mfuga kuku wa Liuli anayeyataka magamba. Beseni lilijaa, wakaona wengine wawabebe kwenye nguo, mmoja huku mmoja huku. Hawakuvuta. Aliichukua nguo nyumbani ikiwa kavu, kama anavyochukua gunia, na kwa kuwa haikuwa ya kuvua, hakuona haja ya kwenda kumsumbua mtu aliye kitandani kwa ruhusa.

Agripina akaiegemea ile nguzo. Alichokiona kutoka juu ya mwamba kilikuwa ni wanawake wawili wamebeba mzigo.

Othmar alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu. Alisema anawaamini. Lakini kamati ilikwisha kubaliana tangu mwanzo kwamba nguo ikilowa ndani ya bendera imevua, maana wasipofanya hivyo kila mtu atakuja na kisa chake. Nurdini akasimama, akaomba radhi kwa niaba ya mkewe, mgeni asiyejua maana ya vitambaa. Kamati ikamsamehe Mwanaisha. Mwanaisha alisema hataki kusamehewa peke yake, walikuwa wawili. Mumewe akamvuta mkono, akamkalisha.

"Sasa nguo," Othmar alisema. "Hii nguo ni ya nani?"

"Yangu," Mariana alijibu.

"Na mwenzako?"

Swali lilikuwa la utaratibu tu. Hakuna mtu mle bandani, hata mtoto, asiyejua mwenzake ni nani. Mariana aligeuza macho polepole, akamwona Agripina kwenye nguzo na blanketi lake. Walitazamana. Kisha Mariana akamrudia mwenyekiti.

"Sina mwenzi," alisema. "Nguo yote ni yangu."

Agripina alielewa papo hapo. Alielewa kwamba Mariana anamkinga, kwamba amechagua kufagia peke yake msimu mzima kuliko kumwingiza mwenzake ambaye alijiona amekwisha kumkosea. Mtu mwenye akili zake angeyameza maneno yale kama dawa, akarudi nyumbani, akatubu kwa siri, na mambo yakaisha. Lakini maneno hayakujali kwa nini yamesemwa. Yalikuwa ndiyo maneno yenyewe, yale aliyokuwa akiyaogopa tangu foleni ya mashine, na yalikuwa yamesemwa kwa sauti ya Mariana, mbele ya kijiji, na Mwanaisha akiwa amekaa palepale anasikia. Sina mwenzi. Hakuweza. Kama ilikuwa hatia, basi hata hatia hiyo hakuwa tayari kuachwa nje yake.

Alipita katikati ya watu, blanketi likamwanguka, asiliokote.

"Nusu ni yangu," alisema. "Shuka la bluu ni langu. Niliolewa nalo."

Mariana alimwambia Othmar kwamba mama Sixtus ana homa, hajui anachosema. Agripina akajibu kwamba hana homa yoyote na hajawahi kuwa nayo. Mariana akamwambia kwa meno yaliyofungwa arudi akalale. Agripina akasema harudi, yeye ni mwenzi wa nguo hii tangu ilipokuwa mpya na hakuna wa kumfuta. Watu wakaanza kucheka. Mzee mmoja alisema ameona watu wakikimbia kosa maisha yake yote, lakini kuligombania hajawahi. Na hata Mariana, akiwa bado amekunja uso, pembe ya mdomo ilimcheza. Kwa muda mfupi sana Agripina alijiona amerudishiwa kila kitu chake.

Othmar hakucheka. Alikuwa amechanganyikiwa kweli, na mtu mnyoofu akichanganyikiwa huuliza.

"Mama Sixtus," alisema, "mbona sikuelewi. Asubuhi si wewe uliyekuja kwangu kusema kuna mtu anavua ndani ya bendera? Hukuona kwamba ni nguo yako?"

Kicheko kilikatika. Agripina alitaka mtu yeyote aseme neno, hata tusi, hasa tusi. Mariana alimtazama kwa muda ambao mtu anamtazama mgeni mlangoni akijaribu kukumbuka amemwona wapi. Halafu akainama, akaanza kuokota kome waliotawanyika sakafuni na kuwarudisha kwenye beseni, mmoja mmoja, bila haraka. Alipomaliza alimwambia mwenyekiti kwamba ni kweli, wenye nguo ni wawili, na adhabu iwe ya wawili. Akajitwika beseni, akatoka.

Nguo ilichomwa nyuma ya banda. Ilikuwa mbichi, ikakataa kushika moto, wakaimwagia mafuta ya taa. Agripina alibaki mpaka mwisho kwa sababu hakujua pengine pa kwenda. Jioni alisimama mlangoni kwa Mariana, akabisha hodi, akabisha tena. Ndani alisikia vyombo vikioshwa, vikaoshwa na kuoshwa, vyombo ambavyo kwa hakika vilikuwa safi. Mlango haukufunguliwa.

Kufagia kulianza. Mwalo hufagiwa asubuhi, mitumbwi ikishashusha na wachuuzi wakishaondoka na ndoo zao. Mariana alichukua upande wa mitumbwi, Agripina akabakiwa na upande wa mzani. Na siku ileile ya kwanza alikuja Mwanaisha na fagio lake kutoka nyumbani, mwanamke aliyesamehewa, akaanza kufagia. Agripina alimtazama aone ataanzia wapi. Alianzia kwa Mariana.

Baada ya muda akaja. Alikuja kwa wasiwasi, kama mtu aliyetumwa kwa mbwa asiyemjua.

"Dada, Mariana anasema usifagie kuelekea kule. Taka zinamrudia."

Agripina akageuza fagio. Siku nyingine Mwanaisha alileta neno kwamba Mariana anasema avae kandambili, kuna miba ya samaki kwenye mchanga wa mzani. Siku nyingine, kwamba Mariana anauliza kama Sixtus amefika salama, maana mvua Mbinga zimeharibu barabara. Agripina alijibu, na jibu likabebwa. Yeye na Mariana walikuwa umbali wa kuitana tu, wangeweza kusikilizana bila hata kunyanyua sauti, lakini kila neno lilipitia kwa mwanamke mmoja mwenye hina vidoleni. Ikafika mahali Agripina akifika mwaloni kitu cha kwanza anaangalia kama Mwanaisha amekuja. Siku ambayo Mwanaisha alichelewa dukani, alifagia palepale mara tatu, akichungulia njia.

Asubuhi moja upepo wa mwera ulivuma, taka zikawa zinakimbia zenyewe, na Mwanaisha alipokuja na neno lake dogo la siku hiyo, Agripina alimshika ncha ya khanga asiondoke.

"Mwambie nilikuwa na wivu."

Mwanaisha aliuliza, "Wivu wa nini, dada?"

"Wa wewe. Nilikuonea wivu wewe."

Ilimchukua nguvu kuliko kuvuta nguo kwenye mawimbi, kulisema hilo akiwa anamtazama yeye mwenyewe usoni, na hakuna njia nyingine iliyokuwapo. Mwanaisha hakucheka wala hakujivuna. Aliinamia fagio lake kidogo, akauliza kama amwambie hivyohivyo. Agripina akasema hivyohivyo, asipunguze.

Akamtazama akienda. Aliona Mwanaisha anasimama karibu na Mariana, mdomo wake unacheza, upepo unabeba maneno kwenda ziwani. Mariana alikuwa amempa Agripina mgongo. Fagio lake liliendelea kidogo, likasimama. Alikaa hivyo, ameinama, na Mwanaisha akamwekea mkono begani. Kisha Mwanaisha akarudi, taratibu, khanga imempepea usoni, na Agripina akamfuata nusu ya njia kwa sababu hakuweza kusubiri.

"Kasema nini?"

"Hajasema kitu," Mwanaisha alijibu. Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Amelia. Kaniambia nisikuambie."

Agripina aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akaurudia upande wake wa mzani. Alijua kwamba yale machozi yalikuwa yake, kwamba hakuna anayemlilia mtu aliyemfuta, na furaha ilikuwa njiani inakuja. Lakini ilichelewa kidogo. Kitu cha kwanza kilichomchoma, Mungu amsamehe, ni kwamba aliyeyaona ni Mwanaisha.